Dola sita ndani ya kopo la biskuti: usizisugue, zisome kwanza

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Tanga, ninaishi Ohio, kazi yangu ni kuendesha lori. Mwezi uliopita nilipita kwenye nyumba ambayo watoto wa marehemu walikuwa wakiuza vitu vya baba yao, nikanunua kopo la biskuti lenye dola sita kubwa za fedha: 1881 yenye herufi S, 1884 yenye O, 1889 isiyo na herufi, 1893 yenye S, 1921 yenye D, na moja ya 1922 yenye sura tofauti kabisa. Hiyo ya 1893 mtandaoni wanasema ni mali nyingi. Duka moja linalonunua dhahabu limetaka kuzichukua zote sita kwa bei moja. Mama, kwa simu, ananiambia nizisugue kwa majivu na ndimu ziwe nyeupe kabla ya kumwonyesha mtu. Ukweli ni kwamba nimezipenda na nataka kuendelea kukusanya. Naweza kutenga kama dola 60 kwa mwezi. Ila wenzangu kazini wanasema nakusanya historia ya watu wengine. Nifanye nini? Nimekuambatishia picha na uzito wa kila moja."

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka: majivu na ndimu viache jikoni.

Mama hana kosa. Sisi wa pwani tumekua tukiona masinia na mabirika yakisuguliwa kwa majivu, ndimu au ukwaju mpaka yawake, na kwa shaba ya nyumbani hakuna dawa iliyo bora. Lakini sarafu si birika. Dola hizi zilipopigwa chapa, fedha ilibanwa kwa nguvu nyingi mno hata ikatiririka kuelekea ukingoni na kuacha mistari midogo isiyoonekana kwa jicho. Mistari hiyo ndiyo inayoshika mwanga. Chukua ile ya 1881, ishike kwa ukingo wake chini ya taa moja, kisha iyumbishe taratibu. Utaona miale ikizunguka juu yake kama spoku za baiskeli. Hakuna fundi anayeweza kuurudisha mng'ao huo ukishapotea. Sugua mara moja tu, hata kwa kitambaa laini na dawa ya meno, mistari inakatika, na kinachobaki ni weupe mkavu kama wa sufuria iliyopigwa steli wulu.

Nayajua haya kwa mfuko wangu mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo nilinunua dola ya 1879 iliyopigwa kiwanda cha Carson City, Nevada, tarehe ngumu kupatikana, kwa mfanyabiashara mmoja aliyeniambia kwamba imetunzwa vizuri ndiyo maana inang'aa. Niliipeleka ikakaguliwe. Ilirudi na maneno kwamba ni ya kweli lakini imesafishwa, na papo hapo thamani yake ikashuka chini ya nusu ya nilichotoa. Ninayo hadi leo, na kila anayeanza kukusanya ninamwonyesha hiyo kwanza. Weusi, wekundu au rangi ya asali inayotanda juu ya fedha baada ya miaka mingi ni kazi ya salfa iliyomo hewani. Mnunuzi anayejua hachukizwi nayo, tena rangi ikiwa nzuri hulipa zaidi.

Sasa tuje kwenye ile 1893, kwa sababu naona ndiyo inayokunyima usingizi. Herufi ndogo kwenye dola hutaja kiwanda kilichoipiga, na S ni San Francisco. Mwaka 1893 kiwanda hicho kilipiga dola 100,000 tu, idadi ndogo kuliko zote za aina hii, iitwayo dola ya Morgan, zilizotolewa zitumike mitaani. Iliyo ya kweli, hata ikiwa imelika mpaka nywele za Bibi Uhuru, yule mwanamke aliye upande wa kichwa, zimekuwa laini, huuzwa kwa maelfu ya dola. Ndiyo maana pia ni miongoni mwa zinazoghushiwa zaidi. Uzito uliopima, gramu 26.6, ni mzuri. Dola mpya ya aina hii ina gramu 26.73 na upana wa milimita 38.1, na iliyotumika hupungua kidogo. Kwa hiyo yako inaelekea kuwa ni fedha kweli. Tatizo liko kwingine.

Dola zote za 1893 za San Francisco zilipigwa kwa chapa moja tu ya upande wa kichwa, na chapa hiyo ilikuwa na kovu. Kovu hilo liliacha mstari mwembamba uliochomoza juu ya herufi T katika neno LIBERTY, kwenye utepe ulio kichwani. Yako haijalika sana, mstari ulipaswa kuonekana. Nimeikuza picha yako kadiri ilivyokubali, na T hiyo ni safi kabisa. Halafu geuza upande wa tai, tafuta lenzi ya kukuza mara kumi, uitazame hiyo S iliyo chini ya shada, juu ya nafasi kati ya D na O za neno DOLLAR. Ukiona rangi tofauti, ufa mwembamba au alama ya gundi kwenye tako la herufi, ujue ilibandikwa. Ninavyoona mimi, mtu alichukua dola ya 1893 ya Philadelphia, ambayo haina herufi, akaibandika S. Inasikitisha, kwa sababu dola ya Philadelphia ya mwaka huo nayo ni adimu: zilipigwa chini ya 400,000. Ameharibu kitu kizuri ili atengeneze uongo. Ipeleke kwa mwenye duka la sarafu aishike kwa mkono wake, maana picha ina mipaka. Ila usilipe ada ya kuipeleka kwenye kampuni ya ukaguzi kabla ya hapo, na usimuuzie mtu yeyote kwa jina la San Francisco.

Kijana aliyekwambia mtandaoni kwamba ni mali aliangalia tarehe na herufi, basi. Wengi wanakwama hapo. Dola hizi hazisomeki kwa umri wala kwa idadi iliyopigwa peke yake. Zinasomeka kwa kilichozipata baadaye: zipi ziliyeyushwa, zipi zililala kwenye mifuko, na mifuko hiyo ilifunguliwa lini.

Mwaka 1873 Marekani ilibadilisha sheria ya fedha zake na kuiacha dola ya kawaida ya fedha. Wakati huohuo migodi ya Nevada, hasa mshipa mkubwa wa Comstock, ilikuwa ikitoa fedha kwa wingi, bei ikaporomoka, na wenye migodi pamoja na wakulima wenye madeni wakapiga kelele mpaka Bunge likasikia. Februari 1878 ilipita sheria, juu ya kura ya turufu ya Rais Hayes, iliyoilazimisha Hazina kununua kila mwezi fedha ya dola milioni 2 hadi 4 na kuipiga sarafu. Mchoraji alikuwa George T. Morgan, Mwingereza aliyekuwa amefika kiwandani Philadelphia miaka miwili tu kabla. Sura aliyoichora ilitokana na mwalimu wa mji huo, Anna Willess Williams. Ndiyo maana dola tano kati ya sita zako huitwa dola za Morgan: zilipigwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921.

Ikawa sarafu ambayo sheria iliitaka kuliko watu. Magharibi, kwenye migodi na meza za kamari, walizipenda. Mashariki waliona ni mzigo mfukoni, wakapendelea noti zilizodhaminiwa na sarafu hizo. Kwa hiyo noti ndizo zilizotembea, dola zenyewe zikakaa kwenye vyumba vya chuma vya Hazina ndani ya mifuko ya nguo, kila mfuko dola 1,000, karibu kilo 27. Mamilioni kwa mamilioni hazikuwahi kununua hata mkate. Mikwaruzo midogo unayoiona kwenye shavu la ile ya 1884, ambayo vinginevyo haijalika popote, si ya matumizi. Ni dola zenzake zilizoipiga ndani ya mfuko kila ulipoinuliwa na kutupwa.

Kisha ukaja moto. Mwaka 1918, vita vikuu vikiendelea, Uingereza ilibanwa kule India: watu walitaka rupia za fedha badala ya noti, na fedha haikutosha. Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyopewa jina la Seneta Pittman, na dola 270,232,722 zikayeyushwa. Sehemu kubwa kabisa ya vipande vyake iliuzwa kwa Uingereza kwa ajili ya India. Nataka uifikirie habari hiyo kidogo, wewe wa Tanga, kwa sababu miaka ile rupia ya India ndiyo iliyokuwa ikihesabiwa Mombasa na Unguja. Hakuna aliyeandika ni tarehe zipi zilizoingia tanuruni. Ndiyo maana orodha ya idadi zilizopigwa inadanganya: inakwambia zilizozaliwa, haikwambii zilizobaki.

Nikupe mfano mmoja ninaoupenda. Mwaka 1884 kiwanda cha Carson City kilipiga dola 1,136,000. Mwaka huohuo San Francisco ilipiga 3,200,000, karibu mara tatu. Ukisoma orodha utasema ya Carson City ndiyo ngumu. Lakini zile za San Francisco zilitoka mitaani zikatumika, na nyingine bila shaka ziliyeyushwa. Leo ya 1884-S, yaani ya San Francisco, iliyolika ni ya bei ndogo, ila isiyotumika kabisa ni ya matajiri. Zile za Carson City zililala. Serikali ilipozihesabu miaka ya baadaye ilikuta bado inazo zaidi ya 960,000 za mwaka huo mmoja, safi, hazijaguswa, ikaziuza kwa umma. Ukitaka leo dola nzuri isiyotumika ya 1884-CC, yaani ya Carson City, utaipata kwa kujibana miezi michache. Mwenzake wa San Francisco wa hali hiyohiyo sitakuambia hata uitafute.

Na mifuko ikifunguliwa ghafla, watu hulia. Hadi 1962 dola ya 1903 ya New Orleans ilikuwa ndoto ya kila mkusanyaji. Isiyotumika ilikadiriwa dola 1,500, pesa ya kununulia gari zama zile. Watu waliamini zote ziliyeyushwa. Mwishoni mwa mwaka huo Hazina ilifungua mifuko iliyokuwa imefungwa kwa lakiri miongo mingi kule Philadelphia, na ndani zikatoka 1903-O mpya kabisa, maelfu kwa maelfu. Bei ikaanguka mpaka makumi ya dola. Habari zikaenea, watu wakapanga foleni Washington kubadilisha noti kwa mifuko ya dola, mpaka Machi 1964 serikali ikafunga dirisha. Zilizobaki, karibu milioni 3 na nyingi zikiwa za Carson City, ziliuzwa kwa barua kuanzia 1972 ndani ya visanduku vigumu vya plastiki. Ukikuta dola bado imo ndani ya kisanduku chake cha serikali, usiitoe. Kisanduku nacho kina bei.

Watu binafsi nao walificha. Kule Reno, Nevada, LaVere Redfield alipofariki 1974 alikutwa na dola za fedha zaidi ya 400,000 nyumbani kwake, nyingine nyuma ya ukuta wa uongo chini ya nyumba. Ziliuzwa 1976 kwa dola milioni 7.3. Kwa hiyo mtu akikwambia dola fulani "zimebaki chache tu duniani", muulize amejuaje.

Tukirudi kwenye kopo lako. Ile 1881-S ndiyo nzuri kuliko zote ulizonazo, ingawa si adimu hata kidogo. San Francisco ilipiga zaidi ya milioni 12. Kiwanda kile miaka ile kilikuwa na mafundi wenye mkono mzuri, chapa zinaingia sawasawa, kifua cha tai kina kila unyoya. Mimi kila mwanafunzi ninamwambia aimiliki hiyo kwanza ili jicho lijue dola iliyopigwa vizuri inafananaje. Kisha ilinganishe na 1884-O yako. New Orleans walipiga kwa uvivu, utaona nywele juu ya sikio zimekuwa bapa ingawa sarafu haijatumika. Anayeanza hufikiri ubapa huo ni kulika. Tofauti ni mwanga: palipolika hapana mng'ao, palipopigwa hafifu mng'ao upo.

1889 ya Philadelphia ilipigwa zaidi ya milioni 21, na yako imelika. Ni ya kawaida kabisa. Ila usiipe mtu akubandikie CC, kwa sababu 1889 ya Carson City ni 350,000 tu na mchezo ni uleule wa 1893. Ile ya 1921-D ni dola ya Morgan pekee ya zama zile iliyopigwa Denver, sababu ya kutosha kuiweka. Na yenye sura tofauti ya 1922 ni dola ya Amani, iliyotolewa baada ya vita vikuu. Aliyeichora ni Anthony de Francisci, aliyehamia Marekani kutoka Italia, na sura ni ya mkewe Teresa. Zilipigwa zaidi ya milioni 51 mwaka huo. Ni dola ya bei nafuu, lakini itazame vizuri alfajiri kwenye mwanga wa dirishani. Mimi bado naiona ni uso mzuri kuliko wote uliowahi kuwekwa kwenye fedha ya Marekani, na wenzangu wengi hawakubaliani nami.

Duka la dhahabu limekupa bei moja kwa sababu linaona uzito, halioni kitu kingine. Nawe jifunze hesabu yao ili wasikupunje. Kila dola ya aina hizi mbili ni sehemu 90 fedha na 10 shaba, na ndani yake mna gramu 24.06 za fedha halisi, yaani wakia 0.7734, kwa ile wakia ya sonara yenye gramu 31.1. Tazama bei ya wakia ya fedha siku hiyo, zidisha kwa 0.77, umepata sakafu. Dola ya kawaida iliyolika haishuki mbali chini ya hapo. Dola nzuri hupanda juu yake. Kuziuza zote sita kwa bei ya sakafu ni sawa na kuuza tende za Madina kwa bei ya embe lililodondoka. Ya 1881 na ya 1884 usiziuze kabisa kwa uzito.

Sasa dola 60 zako kwa mwezi. Ushauri wangu utakuudhi kidogo: miezi miwili ya kwanza usinunue sarafu. Nunua lenzi ya mara kumi, mzani wa mfukoni unaosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu, na kaliba ya kupimia upana. Vyote pamoja havifiki hata mwezi mmoja wa akiba yako. Nenda kwenye duka la sarafu lenye meza, si la dhahabu, uombe kutazama dola za daraja mbalimbali zikiwa zimepangwa pamoja. Wenye maduka ya aina hiyo wengi ni wazee wanaopenda kuongea, na ukiuliza kwa adabu watakufundisha bure jioni nzima. Ohio ina vyama vya wakusanyaji, na chama cha taifa, American Numismatic Association, kipo tangu 1891 na makao yake ni Colorado Springs.

Ukianza kununua, chagua kisa, usichague lundo. Kwa mfuko wako napenda kisa cha viwanda vitano: dola moja ya Morgan kutoka Philadelphia isiyo na herufi, New Orleans yenye O, San Francisco yenye S, Denver yenye D, na Carson City yenye CC. Nne tayari unazo kwenye kopo! Imebaki Carson City tu, kiwanda kilichojengwa karibu na migodi yenyewe na kuacha kupiga sarafu mwaka 1893. Weka akiba miezi kadhaa, ununue moja ya 1882, 1883 au 1884 iliyokwisha kukaguliwa. Ukimaliza hapo na moyo bado unadunda, geukia dola za Amani. Seti nzima, kila mwaka na kila kiwanda kuanzia 1921 hadi 1935, ni sarafu 24, na ukikubali zilizotumika kidogo, mfanyakazi anaweza kuikamilisha kwa subira. Zitakazokubana ni 1921 yenyewe, ambayo sura yake imechomoza juu zaidi, na 1928 ya Philadelphia, ambayo ilipigwa 360,649 tu.

Kuhusu ukaguzi: kampuni mbili zinazoaminika zaidi ni PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, ya 1987. Huipa sarafu daraja kati ya 1 na 70, ambapo 60 kwenda juu ni isiyotumika, na kuifunga ndani ya kasha gumu lenye namba. Makasha nayo sasa yanaghushiwa, kwa hiyo ingiza namba kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe picha, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Makasha ya kampuni usizozijua yahesabu kama karatasi ya kufungia maandazi. Dola za bandia kutoka viwanda vya Uchina zimejaa mtandaoni, nyingine za chuma kinachonaswa na sumaku, nyingine nzito vizuri na haziwezi kunaswa. Sumaku ikinasa, ni bandia. Isiponasa, bado hujajua kitu, kwani shaba nayo hainaswi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: dola ya Carson City inayotangazwa nusu bei usiku wa manane na mtu asiyekubali kurudishiwa, iache ipite. Na kaa mbali na dola za biashara za 1873 hadi 1885, zile za gramu 27.22 zilizotengenezwa kwa ajili ya Uchina. Ni nzuri sana, lakini zilizoghushiwa ni nyingi na si za mtu wa mwaka wa kwanza.

Kuzihifadhi si kazi kubwa. Zishike ukingoni, juu ya kitambaa, usiongee juu yake maana tone la mate huacha doa. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu kama ya pazia jipya la bafuni ina kemikali inayotoa ute wa kijani unaokula fedha. Tumia vifuko vigumu vya mailaa (Mylar), plastiki isiyo na kemikali hiyo, au vikopo vya akriliki. Kopo la biskuti lirudishe kwa biskuti. Ukizipeleka Tanga siku moja, weka na vipakiti vya kunyonya unyevu, kwa sababu hewa yetu ya chumvi haina huruma na fedha.

Limebaki lile la wenzako, kwamba hii ni historia ya watu wengine. Waulize kama wanaijua dola ya 1804.

Ndiyo inayoitwa mfalme wa sarafu za Marekani. Zinajulikana 16 tu. Ajabu yake ni kwamba hakuna hata moja iliyopigwa 1804. Mwaka 1834 serikali ya Rais Andrew Jackson ilitaka zawadi kwa watawala wa Asia na Bahari ya Hindi, ikaagiza seti za sarafu zote za nchi. Dola ya fedha ilikuwa haijapigwa miaka thelathini, na vitabu vya kiwanda vilionyesha mara ya mwisho ni 1804, kumbe dola za mwaka huo zilibeba tarehe za nyuma. Wakachonga chapa mpya yenye 1804. Seti moja ilipelekwa kwa mfalme wa Siam, Thailand ya leo. Nyingine mjumbe Edmund Roberts aliikabidhi Muscat mwaka 1835 kwa Seyyid Said bin Sultan, yuleyule aliyehamishia makao yake Unguja na kuijaza mikarafuu. Roberts alikuwa mfanyabiashara aliyekwisha kufika Unguja mwenyewe miaka ya 1820, akaonana na Sultani huko, na mkataba wa biashara waliotia saini 1833 ndio uliofungua milango zaidi kwa meli za Salem, bandari ya Marekani, zilizokuja kuchukua pembe na sandarusi na kushusha marekani, ile nguo ambayo bibi zetu waliiita kwa jina la nchi ilikotoka. Dola inayoaminika kuwa ya Seyyid Said ilipigwa mnada 1999 kwa dola milioni 4.14, na 2021 kwa milioni 7.68.

Tena dola yenyewe ilipoundwa kwa sheria ya 1792, kipimo chake kilichukuliwa kutoka sarafu ya Kihispania ya reale nane. Neno letu reale limetoka kwenye ukoo huohuo, nasi jina hilo tukaipa sarafu ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyotumika pwani nzima. Kwa hiyo ukimpigia mama simu, muulize kama katika kasha la bibi kuna reale yoyote, imara au iliyotobolewa tundu la mkufu. Itasomeka 1780, zote husomeka hivyo hata zilizopigwa karne mbili baadaye, na ikiwa nzima itakuwa na gramu kama 28. Akikwambia ipo, mwambie kwa heshima zote asiisugue.